Mlango wa Pili

Magharibi mwa Kenya hatuna uhaba wa redio. Pita steji ya matatu ya Kakamega alfajiri, kabla gari la Mumias halijajaa, utasikia Radio Citizen kwenye kibanda cha chai, Mulembe FM kwa dereva, Sulwe FM kwenye pikipiki ya kijana wa Lugari na Vuuka FM kwa mama wa Vihiga anayeshusha mikungu ya ndizi. Ukihesabu vituo, kila mtu pale ana sauti yake. Ukihesabu wenye vituo, yupo mmoja. Vyote vinne ni vya Royal Media Services, kampuni ya S.K. Macharia yenye makao yake Barabara ya Maalim Juma, Nairobi, pamoja na Ramogi, Inooro, Musyi, Muuga, Chamgei, Egesa, Bahari na Wimwaro.

Sina kinyongo na mtu mwenye vituo vingi. Macharia alijenga mahali ambapo wengine waliona hasara tupu, na sifa yake nitampa papo hapo nitakapofika. Ninachotaka kueleza ni jinsi nilivyojifunza kuhesabu upya. Nilijifunza kwanza nikiwa mtoto mbele ya redio ya baba kule Shinyalu, kisha nikiwa ripota wa kulipwa kwa stori hapa mjini.

Redio ya baba ilikuwa na mkanda wa ngozi, na betri zake mama alizianika juani zilipokaribia kufa. Ilikamata Sauti ya Kenya, VOK, na mchana hakukuwa na kingine cha kukamata. Usiku BBC na Deutsche Welle zilikuja zikipotea. Kiluhya tulikipata kwa saa chache kupitia idhaa ya Kisumu, tukipokezana na Wajaluo, Wakisii, Wateso na Wakuria. Saa hizo zilikuwa na heshima yake. Salamu zilisomwa kutoka kwenye kadi zilizonunuliwa dukani, kisha yakaja matangazo ya vifo na nyumba nzima ikatulia. Mtu aliyefariki Mombasa alijulikana Shinyalu kwa njia hiyo kabla barua haijafika. Hakuna aliyejali kwamba redio ilikuwa ya serikali, kwa maana katika mambo ya mazishi, serikali na sisi hatukuwa na ugomvi.

Jumapili ya Agosti 1, 1982, tulipata sababu ya kujali. Wanajeshi wa anga walimtoa mtangazaji Leonard Mambo Mbotela nyumbani kwake wakampeleka studio kutangaza kwamba serikali imepinduliwa. Ile sauti ya kipindi cha Je, Huu ni Ungwana? ilikuwa imezoeleka nchini kote, na kwa kuwa ilisema yeye, tuliamini. Siku hiyohiyo jeshi likakirudisha kituo, na redio ileile ikatuambia kinyume chake, tukaamini tena. Baba, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi, alitikisa kichwa akasema tu kwamba wale vijana walijua pa kuanzia. Nilikuwa mdogo wa kuelewa siasa, lakini nilielewa kwamba kijiji kizima kilikuwa kimebadilishwa mawazo mara mbili kwa siku moja bila mtu yeyote kuwa na pengine pa kuuliza.

Upande wa magazeti palikuwa na pa kuuliza, angalau kidogo. The Standard, lililoanzishwa Mombasa mwaka wa 1902 na Alibhai Mulla Jeevanjee, tangu 1967 lilikuwa mali ya Lonrho, kampuni ya Uingereza. Daily Nation lilianzishwa 1960 na Aga Khan. Kenya Times lilikuwa la KANU, na baadaye chama kikamwingiza Robert Maxwell wa London kama mshirika. Hakuna hata mmoja wa matajiri hao aliyeijua njia ya Khayega. Lakini hawakuwa watu wa nyumba moja, na hilo ndilo lililotufaa. Baba alinunua moja, akaazima jingine kwa kinyozi, na jioni aliyaweka mezani ubavu kwa ubavu. Habari iliyokuwa ukurasa wa kwanza huku ilijificha ndani kule, na katika la chama haikuwepo kabisa. Waziri Robert Ouko alipouawa Februari 1990, meza ile ilinifundisha uandishi kuliko darasa lolote nililopita baadaye.

Gazeti la mtu mwenye akili lakini asiye na mfuko mrefu halikudumu. Miaka ya 1940 mtu wa magharibi, W.W.W. Awori, alihariri magazeti ya Waafrika. Hali ya hatari ilipotangazwa mwaka wa 1952, magazeti ya Waafrika ya aina hiyo yalizimwa kwa amri. Miongo mitatu baadaye hapakuhitajika amri. Hilary Ng'weno, mhariri hodari kuliko wengi wa kizazi chake, alilemewa na gharama za Nairobi Times, na mwaka wa 1983 likauzwa kwa KANU, ambayo ililigeuza kuwa Kenya Times. Gazeti la kujitegemea lilikuwa limegeuka sauti ya chama tawala kwa njia ya kawaida kabisa ya kuuza na kununua. Sisi wa Kiswahili tulipata hasara zaidi. Baraza, lililoanza 1939 chini ya kampuni ya Standard, likafa. Kenya Leo la KANU nalo likafa. Taifa Leo limebaki peke yake kama gazeti la kila siku la Kiswahili nchini, na msomaji asiyekubaliana nalo hana la kuliweka ubavuni.

Milango ya masafa ilipofunguliwa, tulisherehekea, na tulikuwa na haki. Capital FM ilianza 1996, lakini ile ilikuwa ya Kiingereza na ya Nairobi. Kameme ilipokuja na Kikuyu mwaka wa 2000, watu wa huku waliuliza kwa nini si sisi. Mulembe ikatujibu. Kwa mara ya kwanza mama aliamka na Kiluhya, akapika na Kiluhya, akalala nacho. Serikali ilikuwa na redio tangu ukoloni na haikuwahi kutupa hivyo. Mfanyabiashara alitupa, kwa sababu aliona kwamba mwanamke anayepalilia mahindi Isukha hununua sabuni kama mwingine yeyote. Hiyo ndiyo sifa niliyoahidi, na naitoa bila masharti.

Raha hiyo ilikuwa na mpaka wake. Waluhya ni mbari nyingi na ndimi nyingi. Mzee wa Idakho akisikia Kibukusu cha kasi huinua nyusi, na Mmaragoli akisikia Kiwanga huuliza kama ni habari au ni mbolezi. Kampuni ililiona hilo na kulitatua kwa busara ya soko: Wabukusu, walio wengi, wakapata Sulwe, Wamaragoli, walio wengi vilevile, wakapata Vuuka. Waisukha, Waidakho, Wakabras na Watsotso, wenye ardhi inayouzunguka mji wa Kakamega, tulibaki tukigawana Mulembe na wengine. Hakuna aliyetuonea. Hesabu tu haikututosha. Mwaka wa 2014 UNESCO iliiweka ngoma ya isukuti ya Waisukha na Waidakho katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, na niliposoma habari ile nilijiuliza ni kituo gani chenye faida ya kuilinda.

Wakati huo nilikuwa nimeshaingia kazini. Ripota wa mashinani hana mshahara. Analipwa kwa stori iliyotumika. Isiyotumika ni nauli yake imepotea. Kwa hiyo hujifunza haraka mhariri wa Nairobi anapenda nini. Kutoka Kakamega walipenda fahali wanaopigana, jiwe la Ilesi linalolia, mazishi yenye kioja na mwanasiasa anayekula kuku. Ukipeleka fahali wa Shinyalu, simu inapigwa kabla hujarudi nyumbani. Ukipeleka habari ya dawa zilizokosekana zahanati, unaambiwa, "Hiyo ni ya kaunti kabisa, ndugu yangu. Tutaona." Si chuki. Dawati moja Nairobi lilipokea habari kutoka kaunti 47, na kila kaunti ilikuwa imepewa sura yake moja. Yetu ilikuwa na pembe.

Siku moja wakulima wa miwa walinionyesha stakabadhi za miwa iliyochukuliwa misimu kadhaa iliyopita na kiwanda kimoja cha ukanda huu, bila malipo. Karatasi zilikuwa zimekunjwa mara nyingi hadi mistari ya mkunjo ikapasuka. Mama mmoja mjane alikuwa ametoa watoto wawili shuleni. Niliandika, nikathibitisha, nikatafuta jibu la kiwanda, nikatuma. Mhariri alinipigia jioni, kwa upole wa mtu asiyependa anachosema.

"Stori iko sawa. Lakini wale watu wana tangazo letu la mwaka mzima. Tuiache ipoe."

Nilimweleza ripota mzee wa hapa mjini, mtu aliyeanza kazi enzi za kutuma habari kwa simu ya posta. Hakushangaa. Aliniuliza, "Kijana, mlango wa pili ni upi?" Alimaanisha chumba kingine cha habari, cha mwenyewe mwingine, kinachokula mkate wa mtu mwingine. Kilikuwepo. Matangazo yao yalitoka kwa kampuni za simu na wauzaji wa pombe, na hawakuwa na cha kuogopa kwenye miwa. Waliitumia. Juma lililofuata wakulima waliitwa mkutanoni, na baadhi yao wakalipwa sehemu ya deni. Mlango wa kwanza nao, ulipoona habari iko nje, ukaitangaza kama yake.

Tangu hapo nimekuwa nikipima kwa kipimo hicho. Habari ikikataliwa hapa, inaweza kwenda wapi? Mwenye kule ni mwingine? Anayemlipa ni mwingine? Vituo ishirini vyenye mhasibu mmoja ni mlango mmoja. Magazeti mawili ya matajiri wanaochukiana ni milango miwili, hata kama wote wawili hawajui Khayega iko wapi. Ndiyo maana meza ya baba ya mwaka wa 1990, yenye karatasi chache, ilikuwa na kitu ambacho steji ya leo yenye redio kila kona haina uhakika nacho.

Miaka iliyofuata niliona milango ikifungwa bila kelele. Mwaka wa 2016 Nation Media Group ilifunga QFM na Nation FM, na QTV ikazikwa ndani ya NTV. QTV na QFM zilikuwa za Kiswahili. Kule Nairobi ilikuwa habari ya biashara. Huku ilikuwa namba za simu za wahariri zilizoacha kupokewa. Kampuni zilizobaki zilipunguza watu, na ripota mmoja akaanza kuandikia gazeti, redio, televisheni na intaneti za nyumba moja. Sauti yake ilitoka mahali pengi zaidi, na maswali yaliyoulizwa yalipungua. Hata mipaka haikuzuia: kampuni hiyohiyo ya Nation ilikuwa na Monitor Uganda na Mwananchi Tanzania. Upande mwingine, Standard lilihusishwa na familia ya Moi na Mediamax, yenye K24, Kameme na Milele FM, ikahusishwa na familia ya Kenyatta. Mkulima wa Kakamega mwenye malalamiko dhidi ya wakubwa alilazimika kwanza kuuliza mkubwa yupi ni ndugu ya nani.

Jambo la pili nililoliona ni kwamba milango michache ni rahisi kufungiwa kwa pamoja. Februari 14, 2015, wakati wa mvutano wa kuhamia dijitali, Citizen, NTV, KTN na QTV zilitoweka hewani kwa karibu wiki tatu. Mvutano ulihusu nani abebe mawimbi: leseni zilikuwa za Signet ya KBC, shirika la utangazaji la serikali, na kampuni ya Kichina ya PANG, na wakubwa watatu wa habari walitaka ya kwao. Tulikaa Kakamega na ving'amuzi vipya tukitazama vioo vitupu. Januari 30, 2018, Raila Odinga alipojiapisha Uhuru Park, mitambo ya televisheni za Citizen, NTV, KTN News na Inooro ilizimwa kule Limuru, na ikabaki hivyo kwa siku kadhaa hata baada ya Mahakama Kuu kuamuru iwashwe. Baba alikuwa mzee sana wakati huo. Alisema wale wa 1982 walihitaji bunduki; hawa wametumia swichi.

Najua mtu atanijibu kwamba udogo haumfanyi mtu mtakatifu. Ni kweli. Baada ya ghasia za uchaguzi za 2007 na 2008 vituo vya lugha za mama vilinyooshewa kidole, na Joshua arap Sang, mtangazaji wa Kass FM, alishtakiwa Hague pamoja na William Ruto kabla ya kesi yao kusimamishwa Aprili 2016. Redio ya karibu inaweza kuwasha moto haraka kuliko ya mbali kwa sababu inajua majina ya watu. Nimeona pia vituo vidogo vilivyonunuliwa masafa na mwanasiasa miezi michache kabla ya uchaguzi, vikafa kura zilipohesabiwa. Lakini uongo wa kituo kimoja hukanushwa na kingine, kikiwepo. Vikiwa na mwenyewe mmoja, anayekanusha ni nani?

Vijana wa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro ninaoketi nao wakati mwingine huniambia kwamba simu zimemaliza shida hii. Kila mtu ana WhatsApp, kila kata ina ukurasa wake wa Facebook. Nakubali nusu. Picha ya daraja lililovunjika Navakholo sasa hufika Nairobi kabla ripota hajapata boda. Hata hivyo, wengi wa wanaoandika kurasa hizo hawalipwi na msomaji. Wanalipwa na ofisi, kwa bahasha au kwa nauli, na ofisi ikibadilika mwenye kiti, ukurasa hubadilika rangi usiku mmoja. Na barabara zenyewe wanazopitia ni za kampuni mbili tatu za Marekani na China, ambazo hazina hata dawati la kaunti 47 la kutuambia "tutaona".

Ndiyo maana macho yangu yamehama kutoka kwenye antena hadi kwenye daftari la matangazo. Katika mji kama Kakamega, maduka ya jumla, kaunti, vyuo na viwanda ndivyo vinavyoamua chumba cha habari kipi kitalipa kodi mwezi huu. Kwa nchi nzima, serikali ndiyo mteja mkubwa. Mwaka wa 2015 matangazo yake yaliwekwa chini ya ofisi moja, na malimbikizo ya madeni yamekuwa wimbo wa kila mwaka. Machi 2024 Katibu wa Wizara anayeshughulikia utangazaji, Edward Kisiang'ani, aliagiza idara za serikali zipeleke matangazo yao KBC peke yake, hadi Mahakama Kuu ikasimamisha agizo hilo. Mtu anaweza kuufunga mlango bila kuugusa. Anaacha tu kulipia mafuta ya bawaba.

Kifungu cha 34 cha Katiba ya 2010 kinalinda uhuru wa vyombo vya habari, na kinavitaka vyombo vya serikali viwape nafasi wenye maoni tofauti na wapinzani. Ni kifungu kizuri. Kimetazama serikali kwa macho makali, kwa sababu waliokiandika walikuwa wameikimbia. Hakisemi lolote kuhusu mtu mmoja kumiliki vituo vingi. Kazi hiyo imeachwa kwa sheria, kwa Mamlaka ya Mawasiliano na kwa sisi tunaonunua sabuni.

Kuna mambo ningependa watu wa kaunti yetu wayadai, na kwa kuwa uchaguzi wa 2027 unakuja, huu ndio wakati wagombea wanasikiliza. Matangazo ya umma, ya serikali kuu na ya kaunti, yagawanywe kwa kanuni iliyoandikwa na kuchapishwa, na madeni yalipwe kwa tarehe, ili mhariri asihesabu siku za kumfurahisha mtu. Majina ya wenye vituo yawekwe wazi, pamoja na yale yaliyojificha nyuma ya kampuni. Ingo FM ya KBC, ambayo kodi yetu inailipia, ipewe maripota wa kukaa Shinyalu, Butere na Malava, wenye mshahara, siyo nauli. Vituo vya jamii visiuliwe kwa ada za kubeba mawimbi zilizopimwa kwa mizani ya makampuni. Hakuna lolote kati ya haya linalohitaji mtu kunyang'anywa redio yake. Mulembe ibaki, na mama zetu waendelee kupika nayo.

Kwa waandishi wachanga nina ushauri mfupi. Jueni nani anamlipa mhariri wenu, na nani anamlipa yule wa ng'ambo ya barabara. Stori ikikataliwa kwa sababu ni mbovu, itengenezeni. Ikikataliwa kwa sababu ni kweli, msiifute. Itafutieni kwingine, na pasipokuwa na kwingine, semeni hadharani kwamba hapana. Chukueni habari moja ya kijijini kwenu, ile ambayo mtu mwenye nguvu asingependa isikike, mhesabu ni wangapi wanaoweza kuikubali bila kuomba ruhusa kwa mtu yuleyule. Nambari mtakayopata ndiyo idadi ya sauti tulizo nazo Kakamega. Mkulima wa miwa akikataliwa asubuhi, lazima awe na pa kwenda mchana.